Shikamoo ya Shilingi Mia Nane

Nilihudumia mezani miaka mitatu, kwenye mgahawa mmoja pale Kibirizi, hatua chache kutoka mahali boti za kwenda vijiji vya kaskazini zinapopakia. Nilikuwa na ndala zilizozoea sakafu yenye maji na masikio yaliyozoea kuitwa "dada" na watu wanaonizidi miaka thelathini. Pia nina ulimi, nakiri mapema. Mama yangu, aliyenilea Ujiji kwa shida zote mbili, ya pesa na ya ulimi wangu, husema nilizaliwa meno yameshaota.

Kwetu kumpa mhudumu kitu kidogo hakuna jina moja. Wengine huita ya soda, wengine ya sabuni, wengine ya vocha. Wapo wanaosema "chenji kaa nayo" kwa sauti ya kufika meza ya nne, kumbe chenji yenyewe ni shilingi mia. Mwalimu mmoja alikuwa akimaliza kula ananiambia Mungu atanilipa. Nilimjibu amina kila mara, huku moyoni najiuliza Mungu analipa kwa namba ipi, maana namba yetu ya malipo ilibandikwa ukutani na sikuwahi kumwona akiitazama. Sikumlaumu sana. Mshahara wa mwalimu naujua, kaka yangu ni mwalimu.

Aliyekuwa tofauti na wote ni mzee mmoja wa Mwamgongo. Alikuja kila Jumamosi na boti ya alfajiri, akiwa na madumu ya mawese ya kuuza mjini. Ikifika saa nne au saa tano ameshauza, anaingia kwetu kula kabla boti haijarudi adhuhuri. Chakula chake hakikubadilika: ugali wa muhogo, samaki mgebuka wa mchuzi, na maji yasiyo ya baridi. Hata meza haikubadilika. Ilikuwa ya pembeni, yenye mguu mfupi, na kigae kilichowekwa chini ya mguu huo alikileta mwenyewe kutoka kwao.

Namsalimia shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu tunaanza upya kwa Kiha. Anapiga makofi polepole kama desturi ya Waha ilivyo, anauliza nimeamkaje, nyumbani wameamkaje, mama ameamkaje, na lile bati letu lililovuja mvua za mwaka juzi, nililomtajia mara moja tu, limeamkaje. Mama hakuwahi kumwona hata siku moja. Bati hata mimi nilikuwa nimelisahau. Mwanzoni nilikuwa nachachamaa, meza tatu zinaniita na mimi nimeinama nikieleza hali ya bati. Baadaye nikazoea, na baada ya kuzoea nikaanza kuisubiri Jumamosi.

Akimaliza kula analipa pesa yake kamili. Kisha anafungua kikapu na kuweka kitu juu ya sahani aliyolia: parachichi mbili, au ndizi, au kichupa cha mawese kilichofungwa kwa ganda la mgomba. Sahani inarudi jikoni na zawadi. Siku ya kwanza nilimkimbilia nikidhani amesahau vitu vyake. Akaniambia chakula amekilipia, lakini sahani aliazimwa, na chombo cha kuazimwa hakirudi kitupu. Hilo nililijua tangu utotoni. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli unalirudisha na chochote, hata kama ni ndimu tatu. Sikuwahi tu kuona mtu akiufanyia hivyo mgahawa. Mpishi wetu, mama mmoja aliyezaliwa Burundi na kukulia huku, hakushangaa hata kidogo. Alipokea parachichi, akasema huyo kalelewa, akaendelea kusonga ugali.

Mambo yaliharibika bosi alipokwenda harusini Dar es Salaam. Bosi wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi kweli, ambaye kutwa nzima alikaa kaunta akiwa na macho mawili kwetu na la tatu kwa mashine ya risiti. Alirudi na risiti ya hoteli aliyofikia, ameikunja ndani ya pochi kama cheti cha ndoa. Akatuita wote, akaikunjua, akatuonyesha kwa kidole mstari wa chini: huduma, asilimia kumi. Akasema wenzetu wameendelea. Wiki hiyo hiyo fundi akaja, akaingiza ule mstari kwenye mashine, na tangu hapo kila risiti ikatoka na huduma yake.

Tuliambiwa hela hiyo ni yetu, tutagawana mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza ikageuka sare, mashati meupe na tai za kipepeo zilizotukaba shingo. Mwezi wa pili ikageuka feni. Feni ikawekwa kaunta.

Wateja nao hawakuwa wajinga. Mama mmoja muuza dagaa alisoma risiti, akalipa, akanionyesha tenga lake na kuniambia nimpelekee hadi botini, kwani huduma si ameinunua. Nililibeba. Vijana wa bandarini walinipigisha picha zao kumi na nne, hii ya kukaa, hii ya kusimama, hii ziwa lionekane nyuma, na kila nikinuna wananionyesha ule mstari. Bwana mmoja alinitolea shati lililokatika kifungo. Huyo nilimwambia sindano haiko kwenye menyu.

Mzee wa Mwamgongo alipokuja Jumamosi ya kwanza ya risiti mpya, nilimsalimia, tukapitia watu wote wa nyumbani hadi bati, akala. Nikamletea risiti. Ujanani mzee huyu aliwahi kuwa karani wa mizani bandarini, mtu wa kupima magunia, na hakuna karatasi yenye namba aliyoiacha bila kuisoma hadi mwisho. Aliisoma kwa sauti. Ugali na mgebuka, elfu nane, sawa. Huduma, mia nane. Akainua macho, akaniuliza hiyo huduma ni chakula gani, mbona hakukiagiza.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofanya kazi yake. Bosi hakuwahi kutufafanulia huduma ni nini. Mimi, kwa kutaka kuonekana najua, nikaanza kumhesabia mzee kwenye vidole: huduma ni kukupokea, mzee, kukusalimia, kukuletea chakula, kufuta meza.

"Kunisalimia," akasema.

Nikaitikia ndiyo. Bado sikuwa nimeona shimo nililochimba.

"Kwa hiyo ile shikamoo yako nimeinunua," akasema. "Mmeipima kwa mizani gani?"

Nilitabasamu lile tabasamu la kazini, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alitoa elfu nane na mia nane, akazipanga mezani. Kikapu chake kilikuwa wazi na niliziona parachichi mbili ndani yake. Alikifunga, akaondoka nazo. Nikarudisha sahani jikoni, mpishi akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza kama mzee anaumwa.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja mlangoni. Nikainama, nikasema shikamoo, mzee. Akanyanyua kiganja kama anavyofanyiwa muuza karanga kwenye stendi.

"Ya leo sichukui," akasema.

Akanipita. Akaenda mwenyewe kwenye dirisha la jikoni, akaagiza, akasimama pale hadi chakula kikaiva, akabeba sahani kwa mikono yake. Akajimiminia maji ya kunawa, kazi ngumu kwa mtu mmoja, nusu ya maji yaliishia kwenye kiatu. Alipomaliza kula alitoa kitambaa kikapuni akafuta meza, hata miguu ya meza. Kisha akaomba risiti, na risiti ikatoka na mia nane yake kama kawaida. Akamwambia bosi kwamba leo amejihudumia. Bosi akamjibu, kwa adabu lakini bila kuinuka, kwamba inayoandika ni mashine, si yeye. Mzee akasema basi mashine ndiyo ingemsalimia, akalipa, akaenda kupanda boti.

Sahani ikarudi tupu mara ya pili.

Watu wa botini walikuwa wameshuhudia yote, na watu wa botini hawana siri. Wiki iliyofuata tulikuwa na foleni kwenye dirisha la jikoni, wanaume wazima na sahani mkononi, kila mmoja na kitambaa chake begani. Meza zetu hazijawahi kufutwa vile. Mimi na mwenzangu tulisimama na tai zetu kama maharusi waliokimbiwa, huku mpishi akitishia kumpiga mtu mwiko, maana kila aliyefika dirishani aliona ni haki yake kuchungulia sufuria na kutoa maoni kuhusu chumvi. Bosi akaniita kaunta. Akasema huyo mzee ni mteja wangu, mimi ndiye niliyemzoesha. Alinipa Jumamosi mbili: nimkalishe mezani ahudumiwe kama watu, la sivyo mimi nikahudumie kwingine.

Nasema ukweli, kazi haikunikosesha usingizi. Dagaa wa kuuza hawakosekani Kigoma. Kilichonikosesha usingizi ni ile marahaba. Mtoto wa Ujiji anaweza kuishi na mengi, lakini mtu mzima akiikataa shikamoo yake inamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa naosha vyombo nikijiona nimeinama pale mlangoni na kile kiganja kimenyanyuka. Niliumia, na zaidi niliona aibu, kwa sababu nilijua ni nani aliyeitia salamu kwenye bei. Nilipomweleza mama, aliniuliza kwanza ulimi wangu ulisema nini hasa. Halafu akasema niende nikaombe radhi, na nikishapata radhi niulizie na parachichi.

Jumamosi ya kwanza kati ya zile mbili nilijaribu ujanja. Nilitoka nje ya mgahawa nikamvizia barabarani, nikiamini huko mashine haina mamlaka. Alipokaribia nikasema shikamoo. Akasimama. Akatazama miguu yangu.

"Hapo uliposimama ni kwenye mtaro wenu," akasema.

Nikaruka mtaro, nikasimama upande wa pili, nikarudia. Akatazama shingo yangu, akasema bado nimevaa kazi. Nikaanza kuivua tai. Tai zile zilikuwa na kifungo cha nyuma kilichoshonwa na adui wa binadamu, na nilikuwa bado nahangaika nayo katikati ya barabara, viwiko juu, bodaboda wakinipigia honi, bosi aliponiita kwa jina langu lote. Mzee aliingia ndani, akachukua sahani yake, akasimama kwenye foleni. Nilidhani nimeona mdomo wake ukicheza kidogo, lakini marahaba haikutoka.

Ikabaki Jumamosi moja. Jumanne yake nilikuwa na mapumziko. Mpishi ndiye aliyenipa akili. Aliniambia kwao ukimkosea mtu mzima humngoji aje dukani kwako, unamfuata kwake, na huendi mikono mitupu. Nikafikiria kumpelekea samaki, akaniuliza kama nina akili timamu, kupeleka samaki Mwamgongo. Akanipikia pilau, akaijaza kwenye hotipoti kubwa ya mgahawa, akaifunga kwa kitenge chake mwenyewe na kuniambia bosi asiione.

Boti iliondoka adhuhuri. Nilikaa juu ya gunia la mtu, hotipoti mapajani, saa nne nzima za jua na moshi wa injini. Tulipita chini ya vilima vya hifadhi, ambako wageni hulipa dola nyingi kutazama sokwe wasiomsalimia mtu, nikasema moyoni kumbe kuna biashara rahisi kuliko yetu. Jioni tukafika Mwamgongo. Hakuna aliyeuliza ninamtafuta nani kabla ya kuniuliza nimebeba nini, na kufikia nyumba ya tatu tayari nilikuwa na watu sita wa kunisindikiza.

Mzee alikuwa uani na mkewe, wanachemsha chikichi za mawese kwenye pipa. Alikuwa kifua wazi, mikono myekundu kwa mafuta. Nilikuwa nimevaa kitenge, shingo tupu. Nikapiga goti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mzee."

Aliweka mti wa kukorogea chini. Akafuta mikono taratibu kwa majani. Akatazama nyuma yangu, akawatazama wale sita mmoja mmoja.

"Mashine umeiacha wapi?"

"Kibirizi."

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nikalia, sikuweza kujizuia, na mkewe aliyekuwa hajui habari yoyote akadhani nimeleta msiba, akashika kichwa. Ikabidi salamu zianze upya ili kumtuliza. Kiha chetu tena: mwidiwe, mwidiwe, makofi, nyumbani, mama, bati. Nilibaki nimepiga goti hadi magoti yakafa ganzi, na sikutamani zifupishwe hata moja.

Tulipokaa nikamweleza. Nilimwambia salamu haimo kwenye ile huduma, bosi hakuwahi kuitaja, ni mimi niliyeiweka kwa mdomo wangu ili nionekane najua kazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka hadi akakohoa, mkewe akampiga mgongoni.

"Ningejua ni wewe uliyeiweka," akasema, "ningekutoza wewe."

Nikamwambia na lile la Jumamosi, kwamba asipokaa mezani mimi sina kazi. Hapo hakucheka wala hakuahidi. Alisema mizani hairekebishwi kwa kuionea huruma, akabadilisha mazungumzo, akanisimulia habari za magunia. Nililala na wajukuu zake wanne kwenye mkeka mmoja, nikapigwa mateke hadi alfajiri. Asubuhi mkewe akanipa hotipoti yangu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoileta. Ndani kulikuwa na dagaa wakavu, na juu yao parachichi zimepangwa, na kila moja ilitajiwa mwenyewe: hizi za mama, hizi za mpishi, hii ya kwangu nile njiani.

Jumamosi ikafika. Mzee aliingia saa tano, mgahawa umejaa, foleni ya dirishani inafika mlangoni. Bosi alikuwa kaunta, feni inampepea, macho yote matatu kwangu. Nilikuwa na sare, na tai, na nimesimama ndani kabisa, mbali na mtaro. Nikainama.

"Shikamoo, mzee."

Foleni ikageuka.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kufika kaunta. Akapiga makofi, akauliza nimeamkaje, mama, bati. Kisha akaenda kwenye meza yake, akahakikisha kigae kipo, akakaa, akaagiza. Nikamletea chakula. Nikamnawisha, na hakuna tone lililogusa kiatu. Nilikuwa nimeshaanza kuhema kwa raha, nikidhani yameisha, alipoomba risiti, akaisoma yote, akainuka nayo kwenda kaunta.

Alimwekea bosi noti za elfu nane. Bosi akasubiri. Mzee naye akasubiri.

"Shikamoo ya binti huyu ni mia nane," akasema mzee. "Sipingi, imeandikwa. Nami nimemwitikia marahaba, na marahaba yangu bei yake ni hiyo hiyo. Mizani imelala sawa."

Watu wa mezani waliacha kutafuna. Bosi alitazama mashine kama anayetafuta kitufe cha marahaba. Niliona anataka kusema neno, analikosa, anatafuta lingine. Na mtu aliyelelewa, akikosa neno mbele ya mzee, ulimi humrudi kwenye neno la kwanza alilofundishwa na mama yake. Aliinuka kwenye kiti, mara ya kwanza mimi kumwona akimwinukia mteja.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mzee alimtazama vizuri. Miaka yote ile alikuwa amekula kwa mwanamke huyu, akamlipa mkononi, na hilo hakuwahi kulisikia kutoka kwake.

"Marahaba," akamjibu, taratibu, kwa upole kabisa. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu tatu, ya mia tano, ya mia mbili na ya mia, akazipanga mbele yake.

"Yako nailipia," akasema. "Hii ni mpya."

Akarudi mezani, akafungua kikapu, akaweka parachichi mbili kwenye sahani, akaenda kupanda boti. Niliibeba ile sahani hadi jikoni kwa mikono miwili. Mpishi alipoiona alijifuta macho na pembe ya aproni, akasingizia vitunguu.

Kazi niliendelea nayo mwaka mzima baada ya hapo. Jumatatu iliyofuata fundi wa mashine aliitwa. Akautoa ule mstari wa huduma kwenye risiti. Lakini zile sarafu tatu Jumamosi ile zilikaa kaunta mchana kutwa, feni inazipepea, na tulipofunga mgahawa zilikuwa bado hapo hapo mzee alipoziweka, kwa sababu hata bosi mwenyewe hakuthubutu kuzigusa.